Niliishia darasa la saba, binti yangu yuko chuo kikuu: mambo ya makaratasi ambayo hatuambiwi

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Shule niliishia darasa la saba. Upande wangu na upande wa marehemu mume wangu hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne kabla ya binti yangu wa kwanza, ambaye sasa yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma akisomea ualimu wa sayansi. Tangu aende, wenzangu wenye watoto wa sekondari hunivuta pembeni kuniuliza nilipitaje. Wengine wanadhani kuna mtu mkubwa nilimjua. Sikumjua mtu. Nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo huku napimia wateja sado za dagaa naruka mambo, na ninayoyaruka ndiyo yanayowakwamisha watu.

Sisi wazazi ambao hatukusoma tunajipa kazi mbili tu, ada na daftari. Mengine tunawaachia walimu na mtoto mwenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua. Lakini yanayomzuia mtoto wa maskini mlangoni mwa chuo mara nyingi hayahusu fizikia wala kemia. Ni cheti kisichokuwepo, jina lililokosewa herufi, au simu ambayo haikupokelewa siku ya mwisho. Hayo ni mambo ya nyumbani, na mzazi wa darasa la saba anayaweza, mradi aambiwe mapema.

Kwetu yalianza na selform, ile fomu ya uchaguzi ambayo mtoto wa kidato cha nne anaijaza shuleni kuchagua vyuo na tahasusi za kidato cha tano, yaani ule mchanganyiko wa masomo matatu. Binti yangu aliijaza mwaka 2020 bila mimi kujua kwamba ipo. Aliweka HGK mbele, historia, jiografia na Kiswahili, kwa sababu rafiki zake wawili waliweka hivyo. Matokeo yalipotoka Januari 2021, masomo yaliyombeba yalikuwa baiolojia na kemia. Mwalimu wake wa baiolojia alinipigia simu mwenyewe akaniambia matokeo yakishatangazwa, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapanga wanafunzi shule, huwa wanafungua nafasi ya kubadilisha machaguo kwenye mtandao kabla hawajawapanga wanafunzi shule. Tulikwenda tukabadilisha, akapangiwa PCB, fizikia, kemia na baiolojia. Mwalimu yule asingepiga simu, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Kwa hiyo mwenye mtoto kidato cha nne amuulize jioni hii hii: selform yako umejaza nini, na kwa nini?

Kidato cha tano alipangiwa bweni, mkoa jirani. Ada ya bweni shule za serikali wakati huo ilikuwa Sh 70,000 kwa mwaka, na hiyo haikunitisha. Kilichonitoa jasho ni ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, rimu ya karatasi, fyekeo, sare, halafu nauli. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ikafuta ada ya kidato cha tano na cha sita, tukashukuru. Nauli na sabuni zilibaki za kwangu.

Sasa nije kwenye cheti cha kifo. Hapa nitakaa kidogo.

Mume wangu alifariki mwaka 2012 kijijini kwao, wilaya ya Magu, binti akiwa darasa la tatu. Alifia nyumbani, hata karatasi ya hospitali haikuwepo. Tulizika, tukamaliza matanga, nikarudi mjini kutafuta riziki. Cheti cha kifo nani angekifikiria? Hakuwa na mafao, hakuwa na akaunti benki, kiwanja chenye hati hakuwa nacho. Miaka ikapita, mpaka siku ya kikao cha wazazi huko bwenini. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja akaniambia kijana wake mkubwa alipoomba mkopo wa chuo kama yatima alitakiwa kuambatanisha cheti cha kifo cha baba yake, tena kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto nacho kihakikiwe. Mimi nilikuwa na cheti cha kuzaliwa. Cha kifo sikuwa nacho, na bila karatasi hiyo mwanangu angehesabika kama mtoto mwenye baba anayemlipia.

Ofisi ya wilaya walitaka barua ya mtendaji wa kijiji alikozikwa. Mtendaji naye akasema hawezi kuandika kwa maneno yangu peke yangu, ndugu wa marehemu waje wathibitishe. Nikampigia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye analima shamba la kaka yake. Nilipomaliza kueleza akanyamaza, kisha akasema, "Shemeji, miaka kumi imepita. Leo ndiyo umekumbuka cheti?"

Nilimwelewa. Kijijini kwetu cheti cha kifo kina kazi moja inayojulikana na kila mtu, nayo ni kufungua mirathi. Wiki haikuisha, habari ikawa imezunguka kwamba mjane wa mjini anarudi kudai shamba. Wifi yangu akaacha kupokea simu zangu. Nililia, sitaki kudanganya. Nilijiona kama mwizi katika nyumba niliyoolewa.

Kilichosaidia ni kwamba sikwenda peke yangu. Nilisubiri likizo, nikamchukua binti, na nikamwomba kaka mkubwa wa marehemu akae katikati yetu. Tulikaa uani baada ya chakula. Binti aliamkia, "Shikamoo baba mdogo," akatoa karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye mwongozo wa Bodi ya Mikopo, akaiweka mbele yake, akamwonyesha sehemu ya yatima. Hakuongeza neno. Shemeji aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, tena kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Humu hamna shamba." Kaka yake akacheka mpaka akakohoa.

Lakini hakuishia hapo, alitaka tuandikishiane. Kesho yake tukaenda kwa mtendaji, akaandika kwamba cheti kinaombwa kwa ajili ya masomo ya mtoto. Shemeji alitaka iongezwe kwamba sina dai lolote kwenye shamba. Mtendaji akakataa. Alisema haki za watoto wa marehemu haziandikwi kwenye barua ya shule, na kama kuna mazungumzo ya shamba yana siku yake na mahali pake. Namshukuru sana mtendaji yule. Ningekuwa peke yangu ningesaini chochote ili niondoke na barua. Ukifika kwenye hali kama yangu, saini kile ulichokijia tu.

Kuanzia barua ile mpaka cheti kutoka, kisha kuhakikiwa, ilikula miezi. Nasisitiza hilo kwa sababu kila mwaka nawaona akina mama wakianza kuhangaikia cheti cha kifo Agosti, dirisha la mkopo likiwa wazi, wanapanga foleni na nusu ya mkoa. Kama mtoto ni yatima, kifuatilie cheti sasa hivi hata kama yuko kidato cha kwanza. Hakiozi.

Tukiwa tunajipongeza, likaibuka la jina. Cheti cha kuzaliwa kinamalizia jina la kwanza la binti kwa herufi u. Vyeti vya mtihani havina hiyo u. Mwalimu fulani wa shule ya msingi aliandika alivyosikia, na kuanzia hapo kila aliyefuata alinakili. Ikabidi twende kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, Sh 20,000, na nauli juu. Bahati yetu ilikuwa herufi moja. Namjua mtu ambaye mwanawe ana jina la ukoo la babu kwenye cheti kimoja na la baba kwenye kingine, yule alizungushwa hasa. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, wakati wa kusajili watahiniwa, mpe mtoto kopi ya cheti cha kuzaliwa aende akalinganishe na orodha ya shule herufi kwa herufi. Majina yakishaingia kwenye cheti cha Baraza la Mitihani, kuyarekebisha ni kazi ya mawakili.

Alimaliza kidato cha sita Mei 2023. Mimi nikadhani sasa atakaa nyumbani, atajaza mafomu mwenyewe, msomi ni yeye. Haikupita muda akaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Akaondoka na begi, simu akaniachia mimi. Matokeo yalitoka Julai yeye akiwa kambini, na maombi ya vyuo yakafunguliwa yeye akiwa kambini. Hili sikuwahi kusikia mzazi yeyote akilisema, kwamba katika wiki zile zinazoamua chuo gani na kozi gani, mtoto anaweza asiwepo nyumbani. Anayebaki na kazi ni wewe.

Nikaenda steshenari. Kijana wa pale alikuwa mwepesi, mikono inaruka kwenye kibodi, akanijazia vyuo vitatu. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo usiombe vyuo kumi kwa wasiwasi. Nililipia kwa simu, akanipa risiti, nikaondoka nimefurahi. Nisichokijua ni kwamba kwenye nafasi ya namba ya simu na barua pepe alijaza za kwake, "ili nikufuatilie mama." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ndivyo wanavyofanya kwa kila mtu.

Binti alipata nafasi vyuo viwili. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri ili athibitishe anakwenda wapi, na kuna tarehe ya mwisho. Namba hiyo ikaenda kwenye simu ya steshenari. Yule kijana alikuwa amesafiri msibani, simu haipatikani, duka limefungwa. Mimi niko mwaloni naanika dagaa, sina habari. Nilijua kwa sababu mpwa wangu aliona jina la binti kwenye orodha ya waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, akanipigia kunipongeza, kisha akauliza, "Shangazi, mmethibitisha?" Nikauliza kuthibitisha nini. Usiku ule sikulala. Tulimpata kijana kupitia kwa jirani wa duka lake, akatusomea namba kwa simu, mpwa wangu akathibitisha jioni, kesho yake ilikuwa mwisho.

Sasa kila anayeniuliza namwambia hivi kabla ya lolote. Mnunulie mtoto laini, ibaki na chaji, na namba hiyo hiyo ndiyo itumike chuoni na kwenye mkopo. Barua pepe ifunguliwe ya kwake. Nywila iandikwe kwenye kaunta buku lako mwenyewe, pamoja na namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, kwa sababu utaulizwa kila mahali. Na usitoke steshenari kabla hujaonyeshwa kwenye kioo kwamba namba iliyopo ni yako. Kusoma tarakimu hata sisi tunajua.

Pale pale steshenari alinijia mwanamume mmoja nadhifu, akaniambia kwa Sh 150,000 anaweza "kusogeza jina" la binti kwenye udaktari. Sikumpa. Ningependa kusema ni kwa sababu ya akili, ila ukweli ni kwamba pesa hizo sikuwa nazo. Baadaye nikaelewa walivyo vishoka. Mtoto akipata kwa sifa zake wanajisifu wao, akikosa simu haipokelewi.

Na kwa kuwa nimetaja udaktari, niseme. Mimi nilitaka daktari. Mwaloni wote walishaanza kuniita mama daktari. Matokeo yake yalikuwa C ya baiolojia, D ya kemia na E ya fizikia. Mpwa wangu alinisomea mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambao unatolewa kila mwaka na uko wazi kwa kila mtu. Alama zinahesabiwa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa ujumla mwombaji wa kidato cha sita anahitaji masomo mawili aliyofaulu kwa alama ya A mpaka E yenye jumla ya pointi 4, halafu kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, na mwongozo unaonyesha pia nafasi zilizopo. Udaktari ulikuwa umemwacha mbali. Nilinung'unika siku mbili tatu kama vile aliyefanya mtihani ni mimi. Mwenyewe, nilipompata kwa simu, alisema ualimu anautaka tangu kidato cha pili, tena akataja yule mwalimu wa baiolojia. Sikuwahi kumuuliza.

Dirisha la mkopo lilikuwa bado wazi aliporudi kutoka JKT, na hapo vile vyeti vikalipa. Maombi ya Bodi ya Mikopo yanafanyika mtandaoni, ada ni Sh 30,000, unalipa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Ukishajaza unachapisha fomu. Kuna kurasa za kusaini mwombaji na mdhamini, na sehemu za kiongozi wa serikali ya mtaa na hakimu au wakili, kisha zinapigwa picha na kurudishwa kwenye mfumo. Angalia mihuri. Wa kwetu wa serikali ya mtaa ulikuwa umekauka wino, kwenye picha ukaonekana kivuli tu, tukarudi kuomba ugongwe upya. Familia iliyo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iwe na namba yake ya kaya, inaulizwa. Mdhamini nilikuwa mimi. Kabla ya kusaini nilimwomba wakili anisomee kipengele kwa kipengele, akanisomea bila kunitoza. Kwenye ofisi nimejifunza sentensi moja: "Naomba uniandikie." Usitikise kichwa kama umeelewa. Mwambie akuandikie kwenye karatasi unachotakiwa kuleta, utampa anayejua akusomee. Mwanzo nilikuwa naona aibu. Aibu hiyo iligharimu nauli nyingi.

Wenzangu wanauogopa mkopo, na siwalaumu, sisi mkopo tunaoujua ni kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Huu ni tofauti. Mhitimu anaanza kulipa akishamaliza na kupata kipato, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inaongezwa kwenye deni ilifutwa mwaka 2021. Ni deni bado, nami nilimkalisha chini nikamwambia ni lake, ajue tangu siku ya kwanza.

Alipata. Hakupata yote. Fedha ya chakula na malazi alipewa, Sh 10,000 kwa siku, na ya vitabu, lakini ada ililipwa sehemu. Alikata rufaa dirisha la rufaa lilipofunguliwa, ikaongezeka kidogo. Kinachobaki nakijaza mimi.

Ambacho sikukipigia hesabu ni wiki za kwanza. Mtoto anaripoti chuoni, bumu, yaani ile fedha ya mkopo ya kujikimu, bado halijaingia, na papo hapo kuna bima ya afya Sh 50,400, kuna malipo ya hosteli, kuna vipimo vya hospitali, kuna kula. Majirani walinishauri nikakope kausha damu nitalipa bumu likitoka. Nilikwenda kwenye kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikaomba, nikapewa kwa riba ya kikoba. Anza kuweka hiyo pesa ya wiki za kwanza mtoto akiwa kidato cha tano, kidogo kidogo, na usiiguse hata mzigo wa dagaa ukiwa wa bei nzuri vipi. Mimi ningekuwa nayo nisingekopa wala kuuza mizani yangu.

Mdogo wake wa kufuatia amekataa habari za chuo kikuu, anataka VETA, ufundi wa magari, na safari hii nimeuliza mapema anataka nini. Wa mwisho yuko kidato cha tatu. Mwakani ni usajili wa mtihani, na jina lake nimeshaliona mwenyewe, nilikwenda shuleni na cheti mkononi. Yule kijana wa steshenari tunaelewana, sasa ukiingia kwake anakuuliza namba yako kwanza.

Ada ya mwaka wa tatu ya dada yao bado sijaimaliza. Nimelipa awamu ya kwanza, ya pili naisubiri kwa mzigo wa giza la mwezi huu, ziwa likitoa.